Safari za Viongozi na Haki ya Mwananchi Kujua Gharama Zake

(Haya ni matini ya mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi. Yanachapishwa kwa ukamilifu kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Nimetakiwa nizungumze juu ya fedha za umma zinazotumika katika safari za mawaziri na viongozi wengine, na juu ya haki ya mwananchi ya kuzihoji. Nimekubali bila ya kusita, kwa sababu jambo hili linazungumzwa sana barzani na linaandikwa kidogo mno katika karatasi za Serikali. Barzani kila mtu anajua waziri fulani amekwenda wapi na amerudi na masanduku mangapi. Ofisini hakuna anayesema neno. Baina ya uvumi wa huko na ukimya wa huku, mwananchi anayetaka kujua ukweli hana pa kuushika, na waziri aliyesafiri kwa haki hana pa kujitetea.

Niseme mapema kwamba sikuja kuhubiri kwamba viongozi wasisafiri. Sisi ni watu wa visiwa. Karafuu yetu inanunuliwa nje, watalii wetu wanatoka nje, na sehemu kubwa ya mchele tunaoula inaletwa na meli. Hata waziri anayetoka Unguja kwenda kukagua hospitali ya Pemba hana budi kupanda boti au ndege. Serikali ya kisiwa ambayo viongozi wake hawatoki, mikataba yake itaandikwa na wengine na bei ya mazao yake itapangwa na wengine. Suala langu ni dogo kuliko hilo, na labda ndiyo maana linapuuzwa: kiongozi akisharudi, hesabu ya safari yake anaiona nani?

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba nianze na takwimu ambazo wengi wetu tulizisikia kwa masikio yetu. Tarehe 20 Novemba 2015, Rais John Pombe Magufuli alipolihutubia Bunge la Jamhuri ya Muungano kule Dodoma kwa mara ya kwanza, alieleza kwamba katika miaka miwili ya fedha, 2013/14 na 2014/15, safari za nje ziligharimu jumla ya shilingi bilioni 356.324. Akazichambua: tiketi za ndege zilikula bilioni 183.160, posho za kujikimu bilioni 104.552, na mafunzo ya nje bilioni 68.612. Akasema fedha hizo zingetosha kujenga barabara ya lami ya kilomita 400. Fedha hizo zilikuwa za Serikali ya Muungano, nasi hapa tuna mfuko wetu na Baraza letu la Wawakilishi. Hata hivyo, mafunzo yake hayana mpaka wa bahari.

Ukizigawa zile bilioni kwa siku za miaka miwili, utapata karibu shilingi milioni 488 kwa kila siku, Ijumaa na Jumapili zikiwemo. Lakini mimi sikushangazwa sana na jumla. Kilichonizindua ni mgawanyo wake. Zaidi ya nusu ya fedha zote zilikuwa za tiketi. Tiketi ndiyo sehemu ambayo mtu anaweza kuidhibiti kwa urahisi kuliko zote, maana bei yake inategemea mambo matatu tu: idadi ya watu katika msafara, daraja wanalokaa ndani ya ndege, na siku ambazo tiketi ilinunuliwa kabla ya safari. Karani yeyote wa masurufu anayajua mambo hayo matatu kabla ya ndege kuruka. Basi fedha nyingi kiasi hicho zilipita mbele ya macho ya watu wengi, wenye kalamu mikononi, na kila mmoja akasaini sehemu yake.

Hatua zilizochukuliwa baadaye zinajulikana. Safari za nje zilizuiwa isipokuwa kwa kibali cha Ikulu. Katika mwezi ule ule, ujumbe uliokuwa uende Malta kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola ulipunguzwa kutoka watu 50 hadi watu 4. Wananchi wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Mfano huo wa Malta peke yake unatosha kutuonesha kwamba watu 46 walikuwa wameshaorodheshwa kwa safari ambayo, ilipoangaliwa vizuri, haikuwahitaji.

Nchi nyingine zimefuata njia kama hiyo. Mwezi wa Novemba 2023, baada ya sarafu ya Malawi kushushwa thamani kwa kiasi kikubwa, Rais Lazarus Chakwera alisimamisha safari zote za nje, zake mwenyewe na za mawaziri wake, hadi mwisho wa mwaka wa fedha, na akawataka mawaziri waliokuwa nje warudi nyumbani.

Sasa nitasema jambo ambalo huenda baadhi yenu msikubaliane nalo. Agizo la kuzuia safari linapunguza matumizi, lakini halimpi mwananchi uwezo wowote wa kuhoji. Ni mlango uliofungwa kwa ufunguo ulio katika mkono mmoja. Mwenye ufunguo akiwa mkali, fedha zinabaki. Akiondoka, au akiwa na huruma kwa rafiki zake, mlango unafunguka na aliye nje hajui nani ameingia. Vile vile, zuio halitofautishi safari yenye faida na safari ya matembezi. Zote zinakaa nyuma ya mlango mmoja. Baada ya mwaka 2021 safari za nje za viongozi wa nchi yetu zilirejea kwa wingi zaidi, na sababu zilielezwa hadharani: uwekezaji, mikopo, utalii. Sababu hizo zinaweza kuwa nzuri kabisa. Lakini uzuri wake utapimwaje na mtu wa Makunduchi au wa Micheweni, ikiwa hesabu ya safari moja moja haiko mbele yake? Na ile hesabu ya mwaka 2015, kwa umbo lile la wazi, wananchi waliipata kwa sababu mtu mmoja aliamua kuisema.

Naomba mniruhusu nikutoeni nje ya Afrika kwa muda, kwenda Australia, kwa sababu huko kuna mfano wa kitu kilichogunduliwa bila ya kiongozi kuamua kukisema.

Bibi Bronwyn Bishop alikuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la nchi hiyo. Spika si waziri, lakini safari zake zinalipwa na mfuko ule ule wa walipa kodi. Mwezi wa Novemba 2014 alikodi helikopta kutoka mji wa Melbourne kwenda karibu na mji wa Geelong, kuhudhuria shughuli ya kukusanya fedha za chama chake. Baina ya miji hiyo ni mwendo wa kama saa moja kwa gari. Helikopta iligharimu dola za Australia 5,227. Kwa bajeti ya nchi tajiri hicho ni kiasi kisichoonekana kwa macho, na pengine kisingeonekana kamwe lau si kwamba nchi ile ina desturi ya kuchapisha matumizi ya kila mbunge kwa kipindi, safari kwa safari. Mwezi wa Julai 2015 waandishi wa habari wakaisoma ile orodha na kuiona helikopta.

Mwanzo jibu lake lilikuwa kwamba kanuni zinamruhusu. Kisha akakubali kurudisha fedha pamoja na adhabu ya asilimia 25. Kisha akaomba radhi. Tarehe 2 Agosti 2015 akajiuzulu. Haikupita hata miaka miwili, waziri wa afya wa nchi hiyo hiyo, Bibi Sussan Ley, naye akajiuzulu mwezi wa Januari 2017, baada ya kujulikana kwamba katika safari iliyolipiwa na umma huko Gold Coast alinunua nyumba yake binafsi.

Watu wa Australia hawakuishia kwenye kuwaondoa watu wawili. Mwaka 2017 waliunda mamlaka huru ya kusimamia gharama za wabunge na mawaziri, ambayo inatangaza matumizi yao kila baada ya miezi mitatu, na wakatunga sheria mpya. Ndani ya sheria hiyo mna masharti ambayo mimi nimeyasoma zaidi ya mara moja kwa kuyapenda. Safari lazima iwe, kwa lengo lake kuu, ni ya kazi za bunge au serikali. Lazima fedha itumike kwa namna yenye kuleta thamani yake. Na kiongozi anayetumia fedha hiyo anabeba dhamana yeye mwenyewe, na lazima awe tayari kuieleza safari yake mbele ya umma. Sharti hili la mwisho ndilo lililobadilisha mchezo. Zamani kiongozi aliulizwa kama kanuni inamruhusu. Siku hizi anaulizwa kama anaweza kusimama mbele ya waliomlipia na kuieleza.

Wale waliokaa chuoni wakasoma watatambua kwamba suali hilo si geni. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba watoto wawili wa Sayyidna Umar bin Al-Khattab, Abdallah na Ubaydullah, walitoka na jeshi kwenda Iraq. Waliporejea walipita kwa Abu Musa Al-Ashari, aliyekuwa amiri wa Basra. Akawakaribisha vizuri na akatamani kuwafaa. Akawaambia kwamba ana mali ya Hazina anayotaka kuipeleka Madina. Akawakopesha ili wanunue bidhaa za Iraq, wakaziuze Madina, mtaji wamkabidhi Khalifa na faida iwe yao. Wakafanya hivyo, wakapata faida. Walipofika kwa baba yao, hakuuliza kama mkopo uliandikwa sawasawa, wala hakuuliza kama Abu Musa alikuwa na mamlaka ya kuutoa. Aliuliza kama kila askari wa jeshi lile alikopeshwa kama walivyokopeshwa wao. Wakasema hapana. Akawaambia kwamba wamekopeshwa kwa kuwa ni watoto wa Amirul Muuminina, watoe mtaji na faida pia. Abdallah akanyamaza. Ubaydullah akajitetea kwamba mali ile lau ingelipotea, wao wangelidaiwa. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na mwisho wake, kwa ushauri wa mmoja wa waliokuwapo barazani, jambo likafanywa kuwa ni ushirika: Hazina ikachukua mtaji na nusu ya faida, na vijana wakabaki na nusu.

Naipenda habari hii kwa mambo mawili. La kwanza, hapakuwa na mwizi ndani yake. Abu Musa alikuwa mtu mwema, vijana walikuwa waaminifu, mtaji ulifika salama. Hata hivyo Khalifa aliona kwamba mali ya umma imetumika kumfaa mtu kwa sababu ya nasaba yake. La pili, mazungumzo yote yalifanyika mbele ya watu, na mtu aliyekuwa amekaa pembeni aliweza kutoa rai iliyokubaliwa. Aliyehojiwa alijitetea na utetezi wake ukasikilizwa. Hivyo ndivyo ningependa kuona safari za viongozi zikihojiwa: kwa suali lililonyooka, mbele ya watu, na kwa haki ya kujibu.

Mfano mwengine ni wa Kanada, na nitaupitia kwa haraka. Tangu mwaka 2004 mawaziri wa nchi hiyo wanalazimika kutangaza mara kwa mara gharama zao za safari na za ukarimu. Mwaka 2011 waziri wa misaada ya kimataifa, Bibi Bev Oda, alikwenda London kwenye mkutano wa chanjo za watoto. Hoteli aliyowekwa hakuitaka, akahamia Savoy, moja ya hoteli za fahari za mji ule. Mwaka 2012 habari zikatoka, na katika hesabu hiyo ikaonekana gilasi ya maji ya machungwa kwa dola 16. Akarudisha zaidi ya dola 1,350 za tofauti ya hoteli, akalipa na ile gilasi, na mwezi wa Julai mwaka ule akatangaza kuacha siasa. Wachambuzi wengi walicheka kwamba serikali yenye bajeti ya mabilioni imetikiswa na gilasi ya maji ya machungwa. Mimi sioni la kuchekesha. Mwananchi wa kawaida hawezi kulipima deni la taifa kwa mkono wake, lakini bei ya machungwa anaijua. Mkutano wenyewe ulihusu chanjo za watoto wa nchi maskini, na hilo ndilo lililowakera watu.

Hapa pana jambo la kiutumishi ambalo nataka tulitazame kwa makini, kwa sababu wengi waliomo ukumbini humu ndio wanaoandika hati za malipo. Bibi Oda aligunduliwa kwa sababu hoteli ililipwa kwa stakabadhi, na stakabadhi inaonesha jina la hoteli na kila kilichonywewa. Mahali ambapo kiongozi analipwa posho ya kujikimu kwa siku, kwa kiwango kimoja, stakabadhi ya chumba haina kazi tena. Analala anapotaka na kinachobaki ni chake. Njia hiyo ina wema wake: ni rahisi, haina mabishano juu ya bei ya chakula. Lakini kila njia ina kishawishi chake. Anayelipwa kwa stakabadhi hushawishika kuchagua hoteli ya juu. Anayelipwa kwa siku hushawishika kuongeza siku. Mkutano wa siku tatu unakuwa safari ya siku saba, kwa kuwa siku moja ni ya kupumzika kabla, nyengine ya kujitayarisha, na mbili za kungoja ndege. Na pale ambapo mwenyeji ameshalipia chumba na chakula, posho kamili ikachukuliwa pia, umma umelipia mara ya pili kitu kilichokwisha kulipiwa.

Kwa hivyo anayekagua safari iliyolipwa kwa posho asipoteze wakati kutafuta bei ya machungwa. Ahesabu siku. Achukue barua ya mwaliko, aangalie mkutano umeanza lini na umemalizika lini, kisha aweke kando yake tarehe za tiketi. Aulize nani amelipia malazi. Baadaye ahesabu vichwa: walioalikwa ni wangapi na waliokwenda ni wangapi. Mambo haya matatu yanapatikana katika jalada lolote la safari, na hayahitaji mtaalamu wa uhasibu.

Ndugu watumishi, najua mnachokifikiria. Karani wa masurufu ana mtoto anasoma skuli, na anayemletea orodha ya msafara ni mtu anayeweza kumhamisha kesho. Kumwambia karani huyo awe jasiri peke yake ni kumtwisha mzigo usio wake. Ndiyo maana nasisitiza kutangaza. Pale ambapo kila mtu anajua kwamba baada ya miezi mitatu orodha itachapishwa, karani hana haja ya kubishana na mkubwa wake. Anamkumbusha tu, kwa adabu, kwamba jina hili litasomwa. Nadhani watu wengi wangeondolewa katika orodha na wakubwa wenyewe, kimya kimya, kabla ya tiketi kukatwa.

Yapo mapingamizi, na baadhi yake ni ya haki. La kwanza ni usalama: haifai kutangaza kiongozi atalala wapi. Kweli, na ndiyo maana nchi nilizozitaja zinatangaza baada ya safari, si kabla. La pili ni siri za mazungumzo baina ya mataifa. Hili nalo lina nafasi yake, lakini idadi ya watu katika msafara na bei ya tiketi zao si siri ya taifa. La tatu halisemwi kwa sauti lakini ndilo zito kuliko yote katika jamii yetu: heshima. Mtu mzima, aliyepewa dhamana na Rais, kuulizwa na kijana wa mtaani amekula nini safarini! Nalielewa pingamizi hili kwa sababu nami nimelelewa hivyo hivyo. Lakini mkubwa aliyepewa fedha na jamaa zake kwenda kununua vitu vya harusi mjini, akirudi huwakalisha na kuwahesabia hadi senti ya mwisho, na hakuna anayesema amevunjiwa heshima. Anayekataa kuhesabu ndiye anayesemwa.

Kwa upande wa sheria hatuko mahali patupu. Kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 kinampa raia haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Tunaye Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ripoti zake hufika katika Baraza la Wawakilishi, na Baraza lina kamati ya kuzichambua hesabu hizo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inahusu Tanzania Bara peke yake, kwa hivyo mtu wa hapa asiitegemee. Tatizo la ukaguzi wa mwisho wa mwaka ni kwamba unafika baada ya muda mrefu na unakuja kwa jumla: wizara fulani imetumia kiasi fulani katika kasma ya safari. Ndani ya jumla hiyo, safari iliyoleta mkataba wa kuuza mwani na safari iliyoleta mazulia zimechanganywa katika tarakimu moja, na mkaguzi akiona kasoro, mara nyingi mhusika ameshahama wizara.

Sasa nije kwenye kazi yangu mwenyewe, yaani habari. Taarifa za kuondoka na kurudi kwa viongozi mnazijua zilivyo. Mheshimiwa ameondoka leo kuhudhuria mkutano wa siku tatu. Uwanjani amesindikizwa na fulani na fulani. Wiki moja baadaye, Mheshimiwa amerejea, amesema mkutano ulikuwa wa mafanikio. Mafanikio gani, hayaandikwi. Mimi napendekeza kwamba taarifa ya kurejea, katika ukurasa huu na katika vyombo vyengine vya Serikali, iwe na mambo haya bila ya kuachwa hata moja: madhumuni ya safari kwa sentensi moja inayoeleweka, idadi ya watu katika msafara pamoja na vyeo vyao, siku za mkutano na siku za safari nzima, jumla ya gharama, tiketi mbali na posho mbali, nani amelipa, Serikali au mwenyeji, na nini kimepatikana, au kinatarajiwa kupatikana na lini. Mistari kumi inatosha. Uchapaji wake hautaongeza gharama, kwa kuwa ukurasa tunao na mistari kumi ya majina ya wasindikizaji tayari tunaichapisha.

Lile la mwisho, nini kimepatikana, ndilo litakalowasaidia mawaziri wenyewe. Waziri aliyekwenda nje akarudi na soko la viungo vyetu, au na vifaa vya hospitali, atasomwa na wananchi, na tiketi yake haitamuuma mtu. Nimewahi kusikia viongozi wakilalamika kwamba wananchi hawathamini taabu ya safari: usingizi wa viwanja vya ndege, baridi, vikao vya usiku kucha. Wananchi hawawezi kuthamini wasichoelezwa.

Nawageukia wakaazi. Haki ya kuhoji inakwenda pamoja na wajibu wa kuhoji kwa uadilifu. Msilinganishe safari ya Geneva na safari ya Dar es Salaam. Msiseme kila msafara ni wizi. Daktari aliyefuatana na waziri wa afya huenda ndiye pekee aliyeelewa kilichozungumzwa. Mkitaka kuuliza, mwezi wa Mei na Juni Baraza la Wawakilishi linapojadili bajeti, muombeni Mwakilishi wenu aangalie kasma ya safari za nje ya kila wizara, aweke kiasi kilichoidhinishwa mwaka uliopita kando ya kiasi kilichotumika, na aulize tofauti imetoka wapi. Kisha aombe orodha ya safari tatu zilizogharimu zaidi, pamoja na taarifa zilizoandikwa baada yake. Suali la namna hiyo halina matusi ndani yake, linamlazimu mtu kufungua jalada, na jibu lake linaingia katika kumbukumbu rasmi za Baraza, ambako hata mrithi wa waziri huyo atalikuta.

Wakuu wa Idara ambao wangependa kupata mfano wa taarifa ya kurejea niliyoieleza, nimekuja na nakala chache, na nyengine zinapatikana ofisini kwetu saa za kazi. Niko tayari kupokea masuali, na nitafurahi zaidi kupokea pingamizi.